Mama Dafroza na Nyumba Iliyorukwa na Rozari

Baba Paroko, masista, mwenyekiti wa kijiji, ndugu na majirani mliojaa kihambani hapa, kwenye shamba la nyumbani kwetu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Emilian, mtoto wa mwisho wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, mtanivumilia nikisoma kama mtu anayesoma tangazo, kwani tangu Jumamosi sisikii kitu ndani yangu, si njaa, si baridi, wala machozi hayajatoka.

Mama yetu Dafroza alizaliwa hapa Kilema mwaka 1925, akabatizwa katika kanisa la misheni tarehe 12 Aprili mwaka huohuo, siku ya Pasaka, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1938 ili amsaidie bibi kulea wadogo zake.

Tarehe 5 Mei 1945 alifunga ndoa na baba yetu, mzee Wenseslaus, wakajaliwa watoto watatu, yaani dada Flavia, kaka Kastori na mimi. Januari 1962, mwezi mmoja baada ya Uhuru, aliajiriwa jikoni kwa masista, akapika huko miaka kumi, na baba alipofariki mwaka 1969 alitusomesha kwa mshahara huo na kwa kahawa ya kihamba hiki. Hakuwa mpole, tusidanganyane msibani, kila aliyewahi kuchelewa rozari yake anajua alivyopokelewa mlangoni.

Kihamba chetu kinapakana na cha marehemu baba mdogo Primus, na mkewe, mama mdogo Margareta, alikuwa rafiki wa mama hata wakanyonyeshana watoto. Mwaka 1974, ule wa ukame, mama alikuta maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yamegeuziwa upande wa mama mdogo kabla zamu yetu haijaisha, magimbi yetu yakakauka, mama akasema maneno mazito mbele ya watu, mama mdogo akaapa kwamba hakuyagusa maji, na kuanzia hapo hawakusalimiana tena. Nani aliyageuza maji yale, hadi leo sijui.

Vita vilipoanza mwishoni mwa mwaka 1978, vijana wa mgambo walichukuliwa kijijini, miongoni mwao kaka Kastori na ndugu yetu Crispin, mtoto wa pekee wa mama mdogo, wakapanda gari moja wakiwa wamekaa bega kwa bega. Jumuiya yetu ikaamua kusali rozari ya kuombea amani, sanamu ya Bikira Maria ikawa inahama kila jioni kutoka nyumba moja kwenda ya jirani, na mama, aliyekuwa kiongozi, ndiye aliyeibeba. Baada ya sanamu kulala kwetu, ilipaswa kwenda kwa mama mdogo, naye alikwishafagia uwanja, akatandika kitambaa cheupe mezani, akawasha taa na kukaa akingoja. Mama aliipitisha sanamu njia ya juu, akaipeleka kwa mama Zita, jirani anayefuata, sisi sote tukamfuata tukiimba, na jioni ile aliongoza Matendo ya Uchungu yote matano, akaombea amani ya nchi, ya mipaka na ya majeshi, bila sauti yake kutetereka.

Machi 1979 habari ilikuja kwamba Crispin amekufa vitani na amezikwa hukohuko. Septemba kaka Kastori akarudi mzima. Mama aliacha kuongoza jumuiya mwezi huo, akawa anasali peke yake jikoni, na kila fungu la rozari alilitoa kwa ajili ya Crispin, tulikuwa tunamsikia, lakini kwenda kwa mama mdogo hakwenda, alisema atakwenda na uso gani.

Mwezi Mei mwaka huu miguu ilianza kumvimba, madaktari wa Moshi wakagundua ugonjwa wa moyo, akalazwa mara mbili, akarudishwa nyumbani tarehe 20 Septemba. Ijumaa iliyopita alituomba kwamba Jumapili baada ya misa tumbebe kwenye kiti hadi kwa mama mdogo, akiwa na jani la isale mkononi. Kwa wageni wetu kutoka mikoa mingine, jani hilo kwetu ni la kuombea msamaha, na anayeletewa halikatai. Jumamosi tarehe 13 Oktoba 1984, asubuhi, uji wake ukiwa bado jikoni, alifariki dunia.

Wazee walibishana sana kama jani la aliyekufa linaweza kupelekwa na mtoto, mwishowe wakakubali, na leo asubuhi kaka Kastori alilichukua akaenda nalo, yeye aliyerudi, kwa mama wa yule ambaye hakurudi. Mama mdogo alitoka mlangoni, akalipokea kwa mikono miwili, akasema amelipokea kwa sababu halikataliwi, na kuzika atakuja, lakini tusimuulize kama moyo wake umetulia, kwa maana haujatulia. Familia imeniagiza niyasome maneno yake kama alivyoyasema.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, Baba Paroko, masista, majirani mliochimba kaburi na kuleta ndizi na kuni wakati huu ambapo kila nyumba ina shida, pamoja na wafanyakazi wenzangu wa kiwanda cha sukari. Tunakushukuru wewe mama mdogo Margareta, uliyeketi hapo karibu na jeneza, kwa kuja.

Mama, pumzika sasa kwa amani uliyoiombea nchi hii, ile ya hapa nyumbani bado tunaiomba.