Siku Nane Nilizoupa Ugonjwa

Salaam aleikum, mama zangu na dada zangu wa Arua. Mimi natoka Koboko, marehemu mume wangu alikuwa askari, na mdomo wangu mnaujua, hauna breki. Lakini hili nimelificha muda mrefu, kwa aibu.

Nilikuwa na kansa ya titi. Nilipasuliwa, halafu nikapelekwa Kampala kupigwa mionzi kila siku ya kazi, wiki tano. Walinichora alama za wino kifuani ili mashine ijue pa kupiga, na nesi akasema nisizisugue. Wiki ya tatu ngozi ikawa nyeusi, ikachubuka. Gauni likigusa, nalia.

Ikafika Idi. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: mimi, mke wa askari, nilitoroka. Sikuaga mtu, nikapanda basi nikarudi nyumbani. Asubuhi nikioga kwa ajili ya sala, nikaogopa kwamba wino utazuia maji kufika mwilini. Sikumwuliza mtu. Nilizisugua zile alama kwa sabuni mpaka zikaisha.

Nikakaa siku nane, na ngozi ikaanza kupona. Mama mkwe akaiangalia akasema, "Moto ya Kampala ndio ilikuwa nakuua. Sasa wewe iko mzima, baki." Nilitaka sana kumwamini.

Nesi alikuwa anapiga simu, mimi naikwepa. Siku ya nane wifi yangu, mkulima wa Dranya, akaja kunisalimu, simu ikalia, akaipokea yeye. Hakunigombeza. Alinifungia nguo, akapanda basi pamoja nami.

Huko nikamwonyesha nesi ngozi ilivyopona. Akanieleza kwamba mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mionzi inazijeruhi zote, nzima na zenye ugonjwa. Zile nzima zinajua kujitengeneza vizuri zaidi, ndiyo maana wanapiga kidogo kidogo kila siku: nzima zipate kupona, zenye ugonjwa zisipate nafasi ya kuinuka.

"Mama," akasema, "siku nane zimeponya ngozi yako. Ugonjwa nao, unafikiri ulikuwa unalala?"

Nafasi hiyo nilikuwa nimeupa ugonjwa mimi mwenyewe.

Walinipima upya, wakanichora upya, wakaongeza siku. Nilichubuka kuliko mwanzo, lakini nilimaliza. Mpaka leo vipimo ni safi, Alhamdulillahi. Ila kila nikienda kupimwa naziogopa zile siku nane, sitawaficha.

Namshukuru nesi yule. Namshukuru wifi yangu, shamba lake liliota magugu kwa ajili yangu. Baadaye sheikh aliniambia mgonjwa ana ruhusa zake, hata katika kuoga kwa ajili ya sala, ningeuliza tu. Basi ninyi ulizeni.

Kuna mmoja kati yetu anaanza mionzi Jumatatu. Simtaji. Dada, nitakuja na mkeka wangu nikae nawe mpaka siku ya mwisho. Na siku utakayotaka kutoroka, utanikuta mlangoni.