Miaspeni Iliyo Hatua Kumi na Moja Kutoka Kwenye Kigingi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bi Lorena Haskett, Mkurugenzi wa Ardhi za Migodi wa jimbo letu la Kolorado. Wakuu wa kampuni. Wafugaji majirani zetu. Mabibi na mabwana.

KARIBU

Sisi wahesabu mimea wa mgodi wa Hadley Draw tunakukaribisha kwa mikono miwili, ingawa ina michubuko. Tuko sita. Kiongozi wetu ni Bi Maren Oyler, mtaalamu wa mimea. Mkubwa wetu kwa umri ni Mzee Verlin Stoddard. Aliendesha mashine ya kukwangua udongo hapa kwa miaka thelathini na moja, na sasa anapiga magoti kuhesabu vichaka kwenye kilima alichokibomoa mwenyewe.

TULIKOTOKA

Mgodi ulipofungwa, sheria ilitaka kilima kirudishiwe mimea yake ya asili: vichaka vya seji vyenye majani ya harufu kali, vichaka vya matunda, na miaspeni, miti ya milimani ambayo majani yake hutetemeka hata kwa upepo mdogo. Kompyuta huchagua sehemu za kupimia bila upendeleo. Tunapiga kigingi, tunanyoosha utepe wa mita hamsini, tunahesabu kilichomo mita moja kila upande. Kilicho nje ya hapo, kwa karatasi, hakipo.

TULIYOYAPATA

Vichaka vimefikia kiwango, na tunajivunia. Miaspeni ndiyo iliyotushinda. Tulipanda miche elfu mbili. Elki, wale kulungu wakubwa wa huku, waliitafuna, na iliyosalia ikamalizwa na ukame.

Kisha mwezi Julai, kwenye kigingi namba kumi na saba, Bi Oyler aliona majani yakitetemeka nyuma ya mawe makubwa ambako elki hawathubutu kupita. Tukakuta miaspeni arobaini na mitatu, mirefu kuliko nyumba. Hakuna ramani inayoonyesha kwamba mtu aliwahi kupanda kitu pale.

Tulibishana siku tatu. Mwenzetu mmoja alisema ni mbegu za upepo, mwingine akasema miujiza. Bi Oyler alichimba. Mizizi ilikuwa imeshikana mti kwa mti, na chini yake kulikuwa na kipande kikuukuu cha mzizi, kinene kama kifundo cha mkono, kilichokatwa na chuma.

Mzee Verlin alikichukua, akapapasa pale kilipokatwa. Bi Oyler akamuuliza, "Mzee, wewe ndiye uliyepanda?"

"Mimi sijapanda kitu, mama. Nilimwaga tu."

Akatusimulia. Oktoba mwaka 1998, njia ya kwenda kwenye lundo la kuhifadhia udongo ilijaa tope. Udongo aliotoka kuukwangua kwenye msitu wa miaspeni hakuupeleka lundoni. Aliumwaga moja kwa moja mtelemkoni, nyuma ya mawe yale. Msimamizi alimwandikia barua ya onyo. Kumbe mizizi ile ilikuwa hai bado, na miaspeni huchipua kutoka mizizini.

"Barua ninayo mpaka leo," alisema. "Mke wangu alitaka kuichoma."

YANAYOTUKWAMISHA

Utepe wa kigingi namba kumi na saba ulielekea upande mwingine. Kutoka kigingi hadi mti wa kwanza ni hatua kumi na moja. Mmoja wetu alinong'ona kwamba kigingi kingeweza kusogea kidogo, nani angejua? Bi Oyler akamjibu, "Sisi tungejua." Kwa hiyo, katika ripoti uliyonayo mkononi, miaspeni ni sifuri.

Tena, kijisitu cha mwisho cha miaspeni ya asili, kule juu ya barabara, kitakatwa Septemba kupisha mfereji wa maji. Mpango unasema udongo wake ulundikwe hadi mwakani. Ndani ya lundo, mizizi haitaona mwaka.

MAOMBI

Hatuombi sifuri yetu ifutwe. Tuliihesabu kwa haki, ibaki.

Tunaomba mfereji usubiri hadi Oktoba, majani yakishapukutika, na udongo ule upelekwe mtelemkoni siku hiyohiyo, ukiwa na mizizi yake. Mzee Verlin amesema ataendesha mwenyewe, ila safari hii apewe ruhusa kwa maandishi.

Tunaomba pia, kabla ya chakula, utembee nasi hadi nyuma ya yale mawe. Hatujui bado kwa nini mizizi ile ilivumilia, wala ina umri gani. Huenda ni mikongwe kuliko mji wetu. Tungependa kukuuliza unavyodhani. Buti tumekuletea, namba tumekisia.

Mungu akulinde njiani, awajalie nyote mvua kwenye mashamba yenu, na awape subira wote wanaohesabu vinavyokua polepole.

Ni sisi,
Wahesabu Mimea wa Hadley Draw