Bomba la Gazi na Jina la Fundi Garama

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Mkuu wa chuo hiki, Sheikh wetu, wazee wenzangu wa Gazi na Msambweni, wageni waalikwa, walimu na wanafunzi: assalaam aleikum, na wasio Waislamu, hamjambo. Nimewasalimu kwa daraja zenu kama mlivyoniandikia. Sasa namsalimu mgeni ambaye hamkumwandika. Bi Dama, mjane wa marehemu Fundi Garama, uliyekaa kiti cha mwisho: karibu. Nilikutumia gari Kikoneni leo asubuhi bila kukueleza sababu. Sababu ndiyo hii.

Mmenisifu saa nzima. Mmesema mimi ndiye mtoto wa Gazi aliyetandika bomba chini ya bahari, na kwa hiyo karakana hii mpya ya kuchomelea vyuma iitwe kwa jina langu. Kibao kimefunikwa kitambaa, na kamba nimetiwa mkononi niivute. Siivuti. Daktari ameniambia sitaufikia mfungo ujao, na mtu wa namna hiyo anamdanganya nani tena?

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa mwaka wa tisini. Ng'ambo ya bahari vita vilikuwa vinaiva jangwani, na majeshi yale yalikunywa mafuta kuliko maji. Kampuni moja ya kigeni ikapewa kazi: matangi yajengwe hapa pwani, na bomba lipite chini ya maji hadi kwenye boya, kilomita mbili nje, meli zijazwe huko huko na kuondoka. Mimi nilikuwa mhandisi msimamizi. Garama ndiye aliyeunga kila kipande ufukweni, kisha meli ya kuvuta ikalikokota bomba zima baharini.

Bomba kabla ya kutiwa mafuta hujazwa maji. Unalitia presha kwa pampu, unaliacha saa ishirini na nne, unatazama mshale wa geji, kile kipimo cha presha. Mshale ukisimama, bomba ni zima. Ukishuka, linavuja. Basi.

Saa ya sita ya kipimo Garama alinijia mbio. "Mhandisi, mshale unashuka! Tulipolikokota juu ya mwamba nilikwambia limegongwa. Tulirudishe tulitazame."

Meli ilikuwa inangoja. Mkubwa wa kigeni alisimama nyuma yangu akitazama saa yake. Nikamwambia Garama mbele ya vibarua, "Wewe kazi yako kuchomelea, si kusoma geji." Wakacheka. Nami nikaandika kwa mkono huu: saa ishirini na nne, mshale haukushuka.

Siku ya tatu dizeli iliingia kwenye mikoko. Mnakumbuka, wazee? Kaa walipanda juu ya mizizi wakafia huko huko, na kina mama waliokwenda kuokota chaza walirudi na miguu imebabuka. Wachunguzi walikuja wakauliza nani aliunga bomba. Hawakuuliza nani alipima, kwa kuwa karatasi yangu ilisema kipimo kilikuwa safi. Nikakaa kwenye kikao kile na tai shingoni, nikasema, "Fundi alikosea." Maneno mawili.

Na ninyi, watu wa Gazi! Msidhani hasira yangu yote naimaliza kwangu. Ni mlango gani wa chuma mjini kwenu ambao haukupita mikononi mwa Garama, na ni upi ulioachia? Lakini watoto wenu walimfuata njiani wakimwita "Bwana Dizeli", nanyi mkacheka vibarazani. Mzee Boga, usiniashirie niketi. Nimekusikia: "Mhandisi, umechoka, pumzika." Sijachoka, Boga. Wewe ndiye uliyeukataa mkono wake msikitini.

Kisha wazee wakaamua isomwe Halbadiri, dua ya maapizo, ili aliyeiharibu bahari yetu imfike. Garama alifurahi. Alisema, "Isomwe! Mimi nitakaa safu ya mbele." Mwenye hatia husema hivyo? Mimi msomi, niliyezoea kuyabeza mambo hayo, ndiye niliyetetemeka. Nikawaendea wazee, nikawaambia kwa upole, "Baba zangu, tumsitiri. Ana watoto." Dua ikaachwa. Mji mzima ukasema: mnaona, mhandisi mwenyewe anajua ni yeye, ila ana huruma. Huruma yangu hiyo ndiyo iliyommaliza. Alihamia Kikoneni kulima mihogo, hakushika tena mashine ya kuchomelea, na alipokufa, nani kutoka hapa alikwenda kumzika? Mimi sikwenda.

Nimeyaandika yote haya na kutia sahihi mbele ya Sheikh, na Bwana Mkuu anayo nakala. Kibao kiondolewe leo, kabla ya chakula. Mkitaka karakana iitwe Garama, jina hilo si langu kuwapa, wala si lenu kujichukulia. Mwombeni mjane wake, yule pale.

Bi Dama, sikuombi msamaha hapa. Kumwomba mtu msamaha mbele ya umati ni kumkaba koo. Nikijaliwa nitakuja Kikoneni kubisha hodi, na kunifungulia au kutonifungulia ni haki yako. Leo nimekuja kusema jambo moja, na walisikie hawa waliomcheka: mumeo aliusoma ule mshale sawasawa.

Mheshimiwa, niwie radhi kwa kuiharibu sherehe. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Asipige makofi mtu. Naona Bi Dama amesimama. Akija huku mbele au akitoka nje, mpisheni njia.