Hester Arkwell na Bunduki Zenye Nyundo Nje

Mchungaji, mjomba Idris, majirani wa bonde hili, na ninyi wapenzi wa bunduki za kale mliotoka mbali na kuketi leo bila kutengana, wenye nyundo na wasio na nyundo kwenye mabenchi yaleyale, familia imenipa mimi, Gwenllian, mwanawe wa pekee, jukumu la kuwasomea maisha ya mama yetu, nami nitajitahidi kuyasoma kama alivyopenda mambo yasomwe, taratibu na bila kuongeza chumvi.

Marehemu Hester Arkwell alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 katika kijiji cha Clunbury, hapa Shropshire, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Amos Meredith, aliyekuwa mtunza ndege wa mawindo katika shamba la wakubwa, na mkewe Bronwen, na miaka minne baadaye akazaliwa mdogo wake, Idris. Alianza shule ya kijiji mwaka 1943, akaenda sekondari ya wasichana mjini Ludlow mwaka 1949, akamaliza mwaka 1954 akiwa na sifa mbili ambazo mwalimu wake aliziandika pamoja, kwamba ana akili na kwamba habishiki.

Bunduki alifundishwa na baba yake, yaani babu yangu, kwa ile ya marisau yenye mitutu miwili, iliyoundwa zamani kabla babu mwenyewe hajazaliwa, na nyundo zake mbili zilikaa nje, juu, zimepinda kama shingo za bata, nawe ukitaka kupiga unazivuta nyuma kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, kila mtu akikuona. Idris, alipokua, alizipenda zile zilizokuja baadaye, ambazo nyundo zake zimefichwa ndani ya chuma, ukiifunga bunduki imekwisha kujitayarisha, na hapo ndipo ulipoanza ubishi ambao wengi wenu mmeula pamoja na keki kwa zaidi ya nusu karne.

Mama alisomea ukunga Shrewsbury, akaanza kazi tarehe 1 Septemba 1960, na kwa miaka thelathini na mitano alipanda vilima hivi kwa baiskeli, kisha kwa gari dogo la kijani, akiwapokea duniani baadhi yenu mnaolia hapa. Watu walishangaa mkunga kupenda bunduki, ingawa hakuwahi kulenga kiumbe hai tangu aanze ukunga, alivunja tu visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, na alipoulizwa kwa nini ang'ang'anie za nyundo alijibu, "Kazini kwangu nakisia mambo yaliyofichika ndani kutwa nzima, basi Jumamosi niacheni nione kitu kwa macho."

Tarehe 15 Juni 1963 alifunga ndoa katika kanisa hilihili na baba yangu, Leonard Arkwell, seremala, ambaye hakuijali bunduki yoyote kwa kuwa yeye alifuga njiwa wa mashindano, naye kila alfajiri ya kwenda kulenga alimuaga mama mlangoni kwa maneno yaleyale, "Mke wangu, ukiona chochote chenye mabawa, fikiri kwanza ni cha nani." Mimi nilizaliwa tarehe 20 Aprili 1966.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Mei wakusanyaji walikutana Craven Arms, kwenye uwanja nyuma ya soko la kondoo, na katika hema la chai mama aliketi upande wake na Idris upande wake, akianza yeye Idris: "Dada, umeyaleta tena masikio ya sungura?" Mama hakuchelewa, "Bora yenye masikio, hiyo yako kiziwi, ukiiambia simama haisikii." Idris akasema nyundo za nje hunasa koti na kuingiza mvua, mama akamwambia ashone koti lake vizuri na anunue mwavuli, na hema zima likacheka, wala hakukuwa na ubaya wowote.

Ubaya ulikuja baada ya babu kufariki tarehe 14 Novemba 1986. Bunduki yake ilikwenda kwa Idris kwa kuwa ndiye mwana wa kiume, na Mei iliyofuata mama aliiona kwapani mwa mgeni kutoka Hereford, Bwana Thurstan Pugh, ambaye alikuwa amempa Idris isiyo na nyundo, nzuri mno, wakabadilishana. Mama aliomba kuishika, akaishika, akairudisha kwa adabu, kisha akatembea hadi alipokuwa mdogo wake.

"Umemtoa baba."

"Sijamtoa baba, dada. Nimebadilisha chuma kwa chuma."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ungeniuliza."

Baada ya hapo hawakusemezana kwa miaka kumi na sita. Krismasi walikuja wote mezani kwa bibi, na mama alisema, "Leonard, mwambie shemeji yako asogeze viazi," na Idris akajibu, "Shemeji, mwambie mkeo viazi viko karibu naye kuliko mimi," na baba, maskini, alikula akigeuza shingo kama njiwa wake. Bibi alifariki tarehe 8 Januari 1994 akiwa bado anawasihi, na hata kaburini walisimama mbalimbali.

Bwana Pugh, ambaye tunashukuru yupo nasi, hakukubali kuiachia ile bunduki, lakini kila Mei alimpa mama aipige mzunguko mmoja. Mwaka 2003, tarehe 3 Mei, mama alisimama kwenye mstari, akaiinua, na vidole gumba vyake, ambavyo baridi yabisi ilikuwa imevila kimyakimya, vikashindwa kuvuta nyundo. Alijaribu tena. Kicheko cha hemani kilikatika, kila mtu akatazama majani, kwa maana hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumshauri mwanamke yule ashike isiyo na nyundo.

Idris alitoka hemani na kikombe chake, akakiweka chini, akasimama ubavuni kwake.

"Subiri, dada."

Akazivuta nyundo, ya kulia, kisha ya kushoto, mdomo wa bunduki ukielekea uwanjani, na mama, bila kumtazama, akasema, "Taratibu, hukamui ng'ombe hapo." Kisahani cha kwanza kikapita salama, cha pili kikawa vumbi.

"Cha kwanza umenitikisa wewe," mama akasema.

"Nimekutikisa miaka yote, leo ndiyo umesikia?"

Mama akaishusha bunduki, akalia mbele ya watu, nasi hatukuwa tumewahi kumwona akilia, na Idris akasema kwa sauti ambayo wa karibu tu tuliisikia, "Ningekuuliza, dada. Ningekuuliza." Tangu siku hiyo alimvutia nyundo kila Mei, na mara baada ya kumvutia alirudi upande wake wa hema kumtukania nyundo zilezile.

Baba alitutoka tarehe 30 Julai 2011. Mama alipata kiharusi tarehe 2 Oktoba 2019, kikamchukua mkono wa kulia na maneno yake karibu yote, akalazwa Ludlow, na mjomba Idris alikuja kila siku akauendeleza ubishi, alizitetea zake, kisha, kwa kuwa mama hakuweza kujibu, akazitetea na za mama, akieleza uzuri wake, umri wake, na uaminifu wa kitu kinachoonyesha wazi kama kimejiandaa. Muuguzi mmoja alisimama akasikiliza, akauliza nani ameshinda. "Dada," akasema mjomba, na mama akatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki. Alifariki asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 2019, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuletea supu na kuni, wakunga wenzake waliokuja na sare zao, na wakusanyaji wa pande zote mbili. Wengi mmeniuliza mlangoni bunduki za mama zitakwenda wapi, mjomba ameomba azitunze yeye, amekwisha kuzitengea kabati lake zuri, na zake zisizo na nyundo amezihamishia chini ya ngazi.

Mama, umewapokea wengi, sasa nawe upokelewe. Pumzika.