Zeinesh na Kitalu Namba Sita

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2023, Zeinesh Ospanqyzy anakabidhi funguo za maabara baada ya miaka thelathini na minane katika kituo chetu cha utafiti wa udongo. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mkurugenzi, kazi ya kuandika wasifu wake. Walidhani wananipa heshima. Nimeandika mara nne na kuchana mara nne, maana kila nikimsifu naona haya.

Alikuja mwaka 1985, binti wa mchunga kondoo, mwembamba kama mpini wa keekee ya udongo, kile chuma cha kutobolea ardhi, aliyoibeba. Kazi yake ilikuwa moja: kila Septemba kuchimbua udongo wa vitalu vyetu saba, pointi ishirini kila kitalu, na kupima mboji na kaboni iliyomo. Sita kati ya hivyo vililimwa ngano. Kimoja tu, kitalu namba sita, hakikuwa kimeguswa na jembe tangu nyika hii iwepo, na ndicho kilichotuonyesha vile vingine vimepoteza nini. Katika nchi kame kama yetu mboji hujijenga polepole mno. Ukishaipindua kwa trekta inatoweka upesi, na kinachobaki upepo unamalizia.

Wakongwe wanakumbuka sikukuu ya Nauryz, mwaka mpya wetu wa majira ya kuchipua, tulipomfunga kitambaa machoni na kumwekea udongo kiganjani. Alitaja kila kitalu bila kukosea. Tolegen, dereva wetu wa trekta, akadai anachungulia, akampa udongo wa chungu cha maua cha ofisini. “Huu umemwagiwa chai,” akasema apai, kama tunavyomwita kwa heshima ya dada mkubwa, “na anayemwaga ni mvivu wa kutembea mpaka kwenye sinki.” Mmwagaji nilikuwa mimi.

Hata mama mkwe wake hakupona. Alipomkuta akiokota samadi shambani ili aikaushe na kuichoma jikoni, kama tulivyozoea wote, alimwambia, “Mama, unachoma chakula cha shamba.” Mama mkwe alimnunia mpaka theluji ikayeyuka.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Majira ya kuchipua ya mwaka 2006 tulitarajia wageni kutoka mji mkuu. Kitalu namba sita kilikuwa kimejaa majani makavu ya mwaka uliopita, nikaogopa wataona tumeacha shamba likawa pori. Sisi tuliokulia kwenye sifa za trekta tunaona ardhi isiyolimwa ni aibu ya mwenyewe. Zeinesh alikuwa ameenda kwenye harusi ya mpwa wake. Nikamwagiza Tolegen akilime. Akanionyesha bango lililosimama ukingoni mwa kitalu. “Mkurugenzi, hapa imeandikwa tusilime.” Nikamjibu, “Hata mimi najua kusoma. Lima.”

Apai alirudi kesho yake na mfuko wa maandazi ya harusini, ametuletea sote. Aliuweka chini, akachuchumaa, akaokota bonge la udongo na kulivunja taratibu. “Dosym,” akaniambia, “umelima kipimo chenyewe. Sasa tutalinganisha na nini?”

Uchunguzi wa wizara ulipokuja, niliandika kwamba bango lilikuwa limeanguka na dereva akapotea njia. Kusimamisha mabango ilikuwa kazi ya Zeinesh. Alipewa onyo la maandishi na kuvuliwa ukuu wa maabara aliokuwa amefikia. Barua nilimpelekea kwa mkono wangu, kwa uso mkavu kabisa. Akaisoma yote, akatia sahihi. Angebisha, lawama ingemwangukia dereva na angefukuzwa Tolegen, na Tolegen alikuwa na watoto watano. “Bango lilikuwa limesimama,” alisema. “Wewe unajua, Tolegen anajua, mimi najua. Watatu tunatosha.”

Kisha akachukua keekee na kuendelea. Septemba kumi na saba amerudi kwenye kitalu kile kile, pointi zile zile. Ndani ya miaka mitatu ya kulimwa ngano kama vingine kilikuwa kimepoteza karibu robo ya kaboni yake. Tulipokiacha kiote majani tena, miaka kumi na minne haijarudisha hata nusu ya iliyopotea. Wakulima wa wilaya walipoziona namba hizo waliacha kuchoma mabua, wengi wakapunguza kulima. Makala iliyokipa kituo chetu sifa imetokana na kosa langu na jasho lake, na jina lililotangulia juu yake ni langu. Nalo hilo sikulionea haya.

Tolegen alifariki msimu wa baridi uliopita. Apai anaondoka Ijumaa. Nikinyamaza, nitabaki peke yangu na uongo huu, na najijua: ningeishi nao raha mustarehe.

Kwa hiyo ijulikane. Bango lilikuwa limesimama. Kitalu namba sita kililimwa kwa amri yangu mimi, Dosym Qaliuly. Wizarani nimeshaandika hivyo hivyo, nikaomba onyo lile lifutwe kwenye faili lake na liingie kwenye langu. Taarifa hii imechapishwa nakala tisini na mbili, moja kwa kila mtu wa kituo, kwa sababu watatu hatukutosha, apai. Ulibeba wewe peke yako.

Kituo kizima kinakushukuru. Mimi nakuomba radhi, na usipoweza kunisamehe nitaelewa. Tunakutakia pumziko jema, chai ya moto, wajukuu wengi na magoti yasiyouma. Septemba nitashika keekee na kupiga magoti mimi kwenye kitalu namba sita, pointi zote ishirini.