Wino Aliouleta Evelina

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, mgeni rasmi wa leo. Mtendaji wa Kata. Mchungaji na Shehe wetu, mliokubali kukaa benchi moja kwa sababu viti vya chama havitoshi. Wakufunzi mliotoka hapo chuoni. Wanachama wenzangu wa ushirika wa wakulima wa zabibu. Na wewe dada yangu Sidonia, mama mzazi wa Evelina, ambaye itifaki inakuweka mwisho lakini mimi nakuweka mbele ya wote: mbukwenyi!

Mbona mnaitikia kinyonge hivyo? Pilau mmekula, soda mmekunywa. Mbukwenyi tena! Haya, hapo sawa.

Wengi mnanijua. Mimi ni Dorothea Mazengo, mwenyekiti wenu mwaka wa tisa huu, mgomvi wa vikao, na leo nimepewa dakika kumi za kumuaga binti ambaye, ningekuwa na namna, nisingemuaga hata kidogo. Katibu wetu Cornel aliniandikia hotuba nzuri ya kurasa tatu. Ninayo hapa. Nitamrudishia bila kuisoma, anisamehe, maana humo ameandika kwamba chama kinafurahia kuondoka kwa Evelina, na mimi siwezi kusimama mbele ya Mchungaji na Shehe kwa mpigo nikasema uongo.

Kwa wageni msiomjua, Evelina ndiye fundi wetu wa kupogolea mizabibu. Hapa Hombolo tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila vuno linaanzia kwenye mkasi. Ukikata ovyo, ukaacha macho mengi ya kuchipua kwenye tawi, utapata majani ya kulishia mbuzi. Ukikata vizuri, baada ya miezi minne hivi unatafuta vibarua wa kukusaidia kubeba. Kwa miaka sita binti huyu amepita shamba kwa shamba, akilipwa kwa shina, na ni nani hapa anaweza kunyoosha mkono akasema Evelina alimharibia? Mzee Gideoni, shusha mkono wako! Kwako mbuzi walitangulia kuingia, Evelina akaja baadaye.

Na katika miaka hiyo sita, ndugu zangu, akiwa anapogolea maelfu ya mashina yetu, yeye mwenyewe hakuwa na shina hata moja. Kwao kuna nyumba na uwanja wa kuanikia mtama, basi. Je, hatukujua? Tulijua sote. Tulimsifu, tukamlipa, mara nyingine tukachelewa kumlipa, tukaenda kulala.

Mwezi wa tatu akapata kazi Ureno, kwenye shamba la mizabibu, mkataba wa miaka mitatu. Watu wa kule waliomba kitu kimoja kutoka kwetu: barua ya chama kuthibitisha kwamba kazi hii anaijua. Cornel akaichapa siku hiyohiyo. Ikabaki sahihi yangu na muhuri.

Sasa nasema jambo ambalo hata kamati hailijui. Nilikaa na barua ile wiki tatu. Evelina akija ofisini namwambia, "Wino wa muhuri umekauka, mwanangu, rudi Jumatatu." Jumatatu ikifika, wino bado umekauka. Umekauka wapi! Asubuhi nilikuwa nagongea stakabadhi za watu, mchana namwambia mtoto wa mwenzangu kwamba hakuna wino. Nilijua barua ina siku ya mwisho, na nilitaka siku hiyo ipite. Mtu mzima na mvi zangu, mwalimu wa shule ya Jumapili, namfungia binti mlango huku najiambia kwamba namlinda. Nilikuwa namwonea, na naona aibu mpaka leo.

Zimebaki siku mbili, akaingia. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Akafungua mkoba, akatoa kichupa, akakiweka mezani taratibu. "Nilikuwa mjini, nikaona nikuletee wino. Huo wako unakusumbua sana." Hakucheka, wala hakununa. Jamani, ningepigwa kofi ningepata nafuu.

Nikamwambia akae. Nikajaribu kumtisha na hesabu. Nikamuuliza, huo mshahara umeupima kweli, au umeona tarakimu tu ukapagawa? Kumbe mwenzangu ana daftari. Mshahara wa mwezi mmoja kule ni wa miezi saba hapa. Akatoa chumba, akatoa chakula, akatoa kodi ya serikali ya kule, akatoa na koti, maana mizabibu yao hupogolewa kwenye baridi kali. Ile miezi saba ikawa mitatu. "Hiyo mitatu, mama, nikijibana mpaka mkataba uishe, ni ekari mbili za kwetu, na nguzo zake, na waya wake."

Halafu akafungua ukurasa wa pili. Juu alikuwa ameandika "Nikibaki," na chini yake hakuna kitu. Akaniuliza, "Upande huu niandike nini, mama?"

Nyongeza ya malipo sikuwa nayo ya kumpa. Nikasema, "Andika mavuno sita." Miaka mitatu, mara mbili kila mwaka. Akaandika: sita. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hivi mama yangu amebakiza mavuno mangapi?"

Dada Sidonia, nisamehe kulisema hili mbele za watu. Tulilia wote wawili, mlango wazi, Cornel akapita akajifanya anatafuta faili. Mwisho Evelina akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Nikibaki, hayo sita nitayapogolea kwenye mashamba ya watu, na mama atazeeka ananiona napogolea kwenye mashamba ya watu. Gonga, mama." Nikagonga.

Evelina mwanangu, keshokutwa unaondoka, na vichala ulivyovihangaikia mwezi wa nne vimeanza kubadilika rangi. Vuno la kwanza kati ya yale sita litakukuta hupo. Juzi nilisikia mkasi kwenye mstari wa chini, nikaita jina lako. Alikuwa Ruthu, mwanafunzi wako, akipunguza majani. Anakata vizuri, simlaumu, lakini haimbi puani kama wewe, na nilisimama pale nikasahau nilichoendea shambani. Hujapanda hata ndege, tayari nakukumbuka. Itakuwaje mwezi wa kwanza? Itakuwaje mwaka wa pili?

Mama yako usimhofie. Ndoo ya kwanza ya kila vuno nitampelekea mwenyewe, kwa miguu yangu hii mibovu, na tutakupigia simu tukiwa tunatafuna, ili roho ikuume.

Mheshimiwa mgeni rasmi, dakika zangu kumi zimeisha zamani, na wewe kwa ustaarabu wako umejifanya huoni saa. Nakushukuru. Nawashukuru viongozi wetu wa dini, wakufunzi, na kila aliyetega sikio kumsikiliza mwanamke mwenye kosa.

Neno la mwisho ni la Evelina. Kichupa chenyewe ni hiki, kitazame, karibu kimejaa. Siku utakayorudi kununua ekari zako mbili, karatasi za mauziano zitapita mezani kwangu, na hutaambiwa urudi Jumatatu. Nimekifunga vizuri, nimekiweka mbali na jua. Lakini usikawie huko, mwanangu. Wino ukikaa sana hukauka kweli.