Bwana Alinisimamisha kwa Vipande vya Vitenge

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Nasema tena, sifa kwa Bwana! Mmeona wenyewe nilivyotoka kule kwenye benchi mpaka hapa mbele. Nimetembea taratibu kama kinyonga, lakini nimekuja kwa miguu yangu. Haleluya!

Kwa wasionifahamu, mimi ni Wilbard, wa Kanoni. Mke wangu ni yule pale, Mama Neema, fundi cherehani. Kazi yangu mimi ilikuwa kupakia ndizi. Malori yakifika Kihanga, jina langu lilikuwa linaitwa la kwanza. Nilikuwa napanda ubao na mkungu begani huku naimba, na watu wanasema, "Huyu si mtu, huyu ni trekta!" Nilipenda sana kuitwa hivyo, ndugu zangu. Sikujua kama naweza kuwa kitu kingine chochote.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha, ubao umelowa. Nikateleza. Nilianguka chali na mkungu ukanifuata ukatua kwenye nyonga. Mfupa ulilia kama kuni kavu, hata dereva aliyekuwa ndani ya lori aliusikia!

Nililazwa hospitali muda mrefu. Waliponiruhusu, daktari aliniambia, "Mfupa umeunga vizuri. Sasa nenda ukafanye mazoezi ya kusimama, kidogo kidogo." Nikajaribu mara moja tu. Nilishika ukuta, nikanyanyuka, maumivu yakanichoma, nikaanguka chini mbele ya binti yetu Neema. Mtoto akalia. Kuanzia hapo nikasema basi, sisimami tena.

Ndugu zangu, hofu ni kifungo! Mfupa ulikuwa umepona, lakini mimi nililala kitandani kama maiti. Wageni wakija nilijifanya nimesinzia. Chakula nilikirudisha. Wazee wa usharika walikuja kuniombea, nami nikaitikia "amina" kwa mdomo tu. Mke wangu ndiye alilima kibanja chetu cha migomba, akachuma kahawa, kisha akarudi kukaa kwenye cherehani. Nilimsikia pale barazani akikanyaga na kuimba, nikawa namkasirikia kwa kuimba!

Asubuhi moja nikamwambia, "Mama Neema, niache nife. Mtu kama mimi ana faida gani?"

Sasa mnamjua Mama Neema. Sikumwona akitoa chozi. Alitoka nje akarudi na kiroba cha mabaki ya vitambaa, vile vipande vinavyobaki akishakata nguo za watu. Akakimwaga chote juu ya tumbo langu!

"Sawa, Baba Neema," akasema. "Lakini kabla hujafa, nitenganishie hivi. Vyekundu kando, vya bluu kando, vyenye maua kando. Nina kazi ya watu."

Akaenda zake shambani.

Nilikasirika jamani! Nililala vile vile, nimefunikwa vitenge kama duka. Lakini mtu atakaa hivyo mpaka lini? Nikaanza kutenganisha. Nyekundu huku, bluu kule. Nikaona kipande cha njano kikikaa karibu na cha kijani kinapendeza kama kibanja asubuhi jua likichomoza. Nikaweka kingine pembeni. Nikabadilisha. Mke wangu aliporudi alinikuta nimejaza kitanda kizima, wala sikumsikia akiingia.

Akanipa sindano na uzi. Akanionyesha: unaunga vipande juu, katikati unaweka kipande cha blanketi kuukuu, chini kitenge kizima, halafu unapitisha sindano tabaka zote, mistari mistari, mpaka viwe kitu kimoja. Vidole hivi vya kubebea mikungu! Nilijichoma mpaka nikaita majina yote ya mitume.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kishikio cha sufuria. Kilikuwa kimepinda upande mmoja, hakina umbo lenye jina. Mama Neema alikichukua, akaipua nacho sufuria ya matoke inayochemka, akaileta mpaka kitandani. "Baba Neema," akasema, "sijaungua." Basi siku hiyo nilikula nikaongeza!

Nikashona vingine. Nikashona vitambaa vya kuwekea sahani. Nikashona mito ya viti. Mle ndani mlikuwa na giza, rangi zinanidanganya, nikaomba nibebwe nikae nje. Mke wangu na jirani wakanitoa, wakaniweka kwenye kiti uani. Mimi niliyekuwa najificha kwa watu!

Rafiki yangu Elizeus, Ta Elizeus kama tunavyomwita kwa heshima, dereva wa lori, akapita akanikuta na sindano. Alicheka mpaka akashika mti. "Trekta linashona!" Nilitaka kuficha kazi, lakini yeye akaokota kimto kimoja, akakikalia, akajitingisha. Akasema polepole, "Ta Wilbard, mgongo wangu unaniua barabarani. Hebu nishonee cha kiti cha lori." Bwana ni mwema!

Sasa nisikilizeni. Mama Neema alikuwa amechaguliwa na kina mama wa usharika kutengeneza mito ya watoto wa shule ya Jumapili kukalia, maana walikuwa wanakaa kwenye saruji yenye baridi. Nikamwambia kazi hiyo niachie mimi. Mchana mmoja nilikuwa nimepanga vipande vyote kwenye mkeka uani, kila kimoja mahali pake, tayari kuunganishwa. Mkeka ulikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Neema yuko shule. Mama Neema yuko kisimani. Mawingu yakaja kutoka upande wa Kiruruma, meusi, na upepo mbele yake.

Nikaita, "Mama Neema!" Kimya. Tone la kwanza likaanguka mkononi. Upepo ukanyanyua kipande chekundu ukakitupa kwenye migomba.

Ndugu zangu, sikupanga! Sikuomba sala ndefu. Nilisema tu, "Yesu, vipande vya watoto!" nikajikuta nimesimama. Nimesimama! Miguu inatetemeka, nimeshika mgomba kwa mkono mmoja, mwingine unaokota. Vingine nikaviuma kwa meno. Nikapiga hatua, nikapiga nyingine, mvua inanipiga usoni, namlilia Mungu na nacheka kwa pamoja.

Mama Neema akatokea mbio na ndoo kichwani. Alipaza sauti kwa kilugha chetu, "Mawe! Mawe wee!" yaani mama yangu wee! Ndoo ikaanguka, maji yakamwagika yote. Mimi na vitambaa mdomoni siwezi hata kumjibu! Alinikumbatia pale kwenye matope, tukalowa wote, na vigelegele alivyopiga vilileta majirani wa pande zote kwenye mvua hiyo hiyo.

Maumivu yalikuwepo, sitawadanganya. Kesho yake nilisimama tena, na keshokutwa, kama daktari alivyoniagiza. Lakini kamba ya hofu Bwana aliikata siku ile uani kwangu. Atukuzwe!

Nawashukuru ninyi mlioniombea wakati mimi mwenyewe sikuamini. Namshukuru mke wangu, aliyekataa nife. Na wewe uliyelala nyumbani unasema huna faida, au uliye hapa umekaa lakini ndani umelala, nakuomba mtumaini Yesu. Usimwambie asubiri mpaka uwe mzima kama zamani. Mpe mkono ulio nao leo, hata ukitetemeka, naye atajua pa kuutumia.

Sasa kwaya, naomba mnipigie wimbo wa furaha. Nataka kumchezea Bwana kidogo. Naona Mama Neema ananikazia macho kutoka kule. Usiogope, mama. Njoo unishike mkono, tucheze wote.